Mwanaume wa Kutafsiriwa

Msomaji aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza asikimbie. Nitamkokota mpaka tulipo.

Mimi ni Colombe. Majina ya Kizungu kama hilo Serikali ilitukataza tangu mwaka wa sabini na mbili, lakini tangazo halijafika jikoni kwa mama yangu. Kwenye karatasi za Serikali mimi ni Citoyenne M'Cirhuza. Nina diploma, nina ulimi, na hivyo viwili ndivyo vilivyonitia matatani.

Kanisani kwetu Nyalukemba nilikuwa mkalimani. Pasta wetu, mtu wa Kasai, alihubiri kwa Kifaransa, nami nikageuza kwa Kiswahili. Mwezi wa pili akaenda Kinshasa kwa mkutano wa siku nne. Ndege iliyompeleka ikapata kazi nyingine. Alituandikia kwamba anaombea usafiri, nasi tumwombee.

Jumapili ya kwanza akahubiri Muzee Ignace, mkubwa wa baraza la wazee. Watu wakalala. Ya pili, korali ikaimba saa tatu nzima. Ya tatu, nusu ya watu walikuwa wamehamia kwa jumuiya jirani, ile yenye gitaa. Tangu Serikali iyaweke makanisa ya Kiprotestanti chini ya mwavuli mmoja na kuipa kila jumuiya namba yake, watu wetu wanahama namba kwa namba, kama wasafiri wanaotafuta gari lisilojaa.

Wazee walijua ni nani angeweza kuwarudisha. Lakini mwanamke hahubiri. Hilo lilikatwa kabla sijazaliwa, na Muzee Ignace analijua kwa sura na mstari. Wakakaa siku mbili wakiomba na kula sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Siku ya pili wakapata njia. Mwanamke hahubiri, lakini anatafsiri. Kilichokosekana ni mwanaume wa kutafsiriwa.

Wakamchagua Muzee Polycarpe, zamu wetu, mlinzi wa lango la kanisa. Alikuwa na koti jeusi, na koo lake liliharibika zamani kwa ugonjwa, hana sauti. Hunong'ona tu, na anayemsikia ni yule aliye hatua moja kutoka kwake. Huyo alikuwa mimi. Yeye akachezesha midomo, mimi nikasema. Kanisa zima lilijua. Hakuna aliyefungua kinywa, maana mabenchi yalijaa tena.

Na tena kuna Placide, mwalimu wa shule ya mapadri, Mkatoliki mpaka kwenye mifupa. Ng'ombe wake wamekwisha kufika kwa Papa Cirhuza, baba yangu, na harusi ilikuwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Mama yake, Maman Emérence wa Nyantende, kiongozi wa akina mama Wakatoliki wa parokia yao, alinivumilia.

"Uprotestanti ni kama kigugumizi," aliniambia. "Mutu anazaliwa nayo. Bamuhurumie."

Kitu kimoja tu hakukivumilia. "Bibi mwenye kuhubiria banaume ku kanisa, ataacha kuhubiria bwana yake ku nyumba?" Akaninyooshea rozari, nikaapa juu yake kwamba sihubiri, natafsiri tu. Mprotestanti naapa uongo juu ya rozari: dhambi mbili kwa mkono mmoja.

Wiki iliyopita niliwaacha pale aliponijibu: "Vizuri. Siku ya yenga nitakuya kuona hiyo tafsiri na macho yangu."

Basi Jumapili ikafika.

Nyuma ya kanisa, katika chumba cha wazee, Muzee Ignace alikuwa akipangusa mabega ya Polycarpe kama anayepangusa kabati.

"Muzee Polycarpe, leo kuko mugeni. Nyoosha mukono. Siku ile ingine ulihubiri mikono mu mifuko."

"Kulikuwa baridi," Polycarpe akanong'ona.

"Anasema nini?" Ignace akauliza, akirudi nyuma hatua mbili kulitazama koti.

"Anasema kulikuwa baridi," nikajibu.

"Na leo mi niseme nini?"

"Anauliza leo aseme nini."

"Aseme kitu yoyote," Ignace akasema. "Midomo tu isisimame." Kisha akanigeukia mimi, kidole juu ya saa yake. "Na weye, Colombe, sikia. Tafsiri haipitake mahubiri. Yeye akisema moja, weye sema tatu. Ya ine ni mahubiri. Na usipande ku ngazi. Simama chini."

"Chini kabisa, Muzee?"

"Ku simenti."

Maman Emérence aliingia wimbo wa pili ukiwa katikati. Kikwembe kipya cha kitenge, rozari mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kukagua nyama sokoni. Kwetu wanawake hukaa kushoto, wanaume kulia. Hakuna aliyemwambia. Akapita katikati mpaka mbele, akapiga goti, akajifanyia ishara ya msalaba pana iliyofika mabegani, akakaa kulia, benchi la kwanza, kati ya mashemasi wawili.

Mashemasi wakajisogeza kwa hofu. Akafikiri wanamkaribisha. Akatandaza kikwembe.

Muzee Polycarpe akapanda mimbarani. Mimi nikasimama kwenye simenti.

Sasa ninaungama. Nilichagua habari ya Hana kwa ujanja. Sikumfikiria Maman Emérence hata kidogo, nilifikiria midomo. Imeandikwa kwamba Hana alipoomba, midomo yake ilicheza na sauti yake haikusikika. Nilitaka mgeni wetu, akimwona mzee anachezesha midomo bila sauti, ajue kwamba jambo hilo limo ndani ya Biblia.

Polycarpe akanyoosha mkono, akaninong'oneza: "Ile mbuzi yangu mweupe imeanza kukohoa."

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti kuu, "kulikuwa mwanamke jina lake Hana, na tumbo lake lilikuwa limefungwa."

"Niliipatia dawa, majani ya mubirizi, ikakataa."

"Walimwekea chakula, akakataa. Maana mule nyumbani mlikuwa na bibi mwingine, mwenye watoto, na huyo alimchokoza mwaka kwa mwaka mpaka akalia."

"Ignace anasema niichinje."

"Bwana yake akamwambia, Unalia nini? Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Wanaume!"

Upande wa kushoto ukacheka. Muzee Ignace akatazama saa.

"Mi sitaichinja," Polycarpe akanong'ona. "Ilizaliwa mu mikono yangu."

Nikamwinulia macho. Mzee wa watu alikuwa analengwa na machozi juu ya mimbara. Sijui ni kitu gani kilinishika. Nikasahau moja, nikasahau tatu, nikasahau Ignace na saa yake.

Nikasema jinsi Hana alivyoingia hekaluni peke yake, na kuhani, badala ya kumwuliza ana nini, akamwambia amelewa. Nikasema mwanamke akibeba uchungu mkubwa mahali pa wazi, mtu wa kwanza kumwona humwambia amelewa. Nikasema miaka yote ile watu walihesabu watoto asiokuwa nao, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza huyo mtoto angeitwa nani. Na jina alikuwa nalo tayari! Alilificha kama mtu anavyoficha mbegu wakati wa njaa, asije akaila.



Ndipo nikasikia kilio upande wa wanaume.

Hatukumwita mtu mbele, wala wimbo wa kuita haukuwa umeanza. Maman Emérence aliinuka mwenyewe, akanipita kama anayepita nguzo, akapanda ngazi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipanda, akapiga magoti mbele ya mlinzi wa lango na kumshika mikono yote miwili.

"Muzee," akasema, "miaka tisa. Miaka tisa nilikaa ku nyumba ya bwana bila mutoto, na bibi ingine ananichekelea ku kisima. Padri hakuniambiaka hii maneno. Masista habakuniambiaka. Weye, mutu haunijue, umeniambia mpaka mambo ya jina. Nani alikuambia nilikuwa na jina?"

Maman bado akilia kwa sauti, Polycarpe akaniinamia. "Anataka nini?"

"Mutumishi anasema," nikajibu, "Mungu ndiye anayejua majina."

"Aleluya!" kanisa likaitika.

"Basi mi nabaki hapa," Maman Emérence akasema. "Munibatize. Mu maji mingi, mwili muzima, kama bile munafanyaka. Na atanibatiza huyu, hapana mwingine."

Muzee Ignace alikuwa amekwisha kuirudisha saa mfukoni na kutoa daftari. Kiongozi wa akina mama Wakatoliki wa Nyantende! Samaki wa namna hiyo haingii wavuni mara mbili.

Hapa, wasomaji, niseme jambo nililowaficha wiki iliyopita, maana niliona haya.

Tangu Kwaresima nilikuwa nikijipenyeza kila Alhamisi kwa padri, l'Abbé Adalbert, kujifunza katekisimu. Nilitaka kumfanyia Maman Emérence zawadi ya harusi: kigugumizi kimepona. Na Jumamosi, yaani jana yake, saa kumi, l'Abbé alinipokea rasmi. Nikasoma Nasadiki, nikatia sahihi.

Kwa hiyo Jumapili ile, nilipokuwa nikitafsiri habari ya Hana kwenye simenti ya Waprotestanti, nilikuwa Mkatoliki wa siku moja. Niliwaza nitafsiri mara ya mwisho, kisha niage polepole. Kumbe mtu huwaza.

Placide alikuwa nje akitungoja penye ukuta, kama kawaida yake akitoka misani. Kwetu haingii, husikilizia dirishani.

"Maman, unalia nini?"

"Nimeokoka."

"Umeokoka na nini?"

"Usinichekee! Mi nahama. Na weye unahama. Harusi itakuwa hapa, na huyu muzee njo atawafungisha."

"Maman," nikasema taratibu, "haitawezekana."

"Juu ya nini?"

"Mimi nimekwisha kuhamia kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwa Bakatoliki. Jana. L'Abbé Adalbert amenipokea."

"Nani alikutuma?"

"Ni wewe, Maman! Ulisema Uprotestanti ni kigugumizi."

"Nilisema bawahurumie! Nilisema uiache?" Akashika kiuno, machozi bado mashavuni. "Colombe, mutoto yangu, sasa weye unaingia kule na mi natoka? Nani atakuonyesha fasi ya kukaa?"

Placide akajiketisha juu ya jiwe. "Mama anaenda kwa bibi. Bibi anaenda kwa mama. Na mi?"

"Fuata mama yako," akasema Maman Emérence.

"Fuata bibi yako," nikasema mimi, kwa pumzi ileile.

"Mi nabaki hapa ku jiwe," Placide akasema. "Hii jiwe haina dini."

Bahati mbaya Muzee Ignace alikuwa nyuma yetu na daftari lake.

"Nani amepokelewa wapi?"

Baraza likakaa palepale, kwenye chumba cha korali, mimi nimesimama mlangoni kama mwizi wa kuku. Swali lilikuwa moja. Je, Mkatoliki anaweza kutafsiri mahubiri ya Mprotestanti? Wakaifungua Biblia kutoka upande huu mpaka upande ule. Mstari wa kukataza haukupatikana. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho akayafumbua.

"Pilato hakuwa wa dini yetu," akasema, "na aliandika ku musalaba mu luga tatu."

Ikapita. Nikabaki mkalimani, kwa cheo cha Pilato.

"Lakini midomo chini," Ignace akanionya, "mpaka huyu Maman aingie mu maji."

Ubatizo ukawekwa Jumamosi asubuhi, ziwani. Na kwa kuwa zamu habatizi, Jumatatu jioni wazee wakamwekea Muzee Polycarpe mikono, wakamfanya mtumishi. Aliuliza swali moja tu, nami nikalitafsiri: kama mtumishi wa Mungu anaweza bado kulala kwenye lango. Wakasema anaweza.

Jumanne akina mama wanane waliteremka kwa miguu kutoka Nyantende na bendera yao ya buluu, kuja kuona kiongozi wao amelishwa nini mjini. Maman Emérence aliwapokea nyumbani kwa Placide, akawapa chai.

"Kuyeni Jumamosi ku ziwa," aliwaambia, "mulete nguo ya kubadirisha."

Jioni hiyo l'Abbé Adalbert akanisimamisha njiani, akavua miwani, akaifuta.

"Citoyenne," akasema, "nimekupokea wewe, nimempoteza présidente wa akina mama. Sijui kama nimefanya biashara nzuri."

Na harusi? Harusi ya kanisa gani, ya padri au ya zamu, hakuna aliyejua. Nilipomwuliza Maman Emérence, alinijibu neno moja lililoninyima usingizi.

"Nikitoka mu maji nitasema harusi iko wapi. Kama kuko harusi."

Mnajua hali ilivyo kwetu. Ng'ombe wanaweza kufika, kamati inaweza kukaa, kikwembe kinaweza kushonwa. Mama wa mume asipoinua mkono, umeolewa na hewa. Placide ni mtoto wake mmoja tu. Hatapita juu ya mkono wake, nami nisingempenda kama angepita.

Tukafika Jumatano.

Kwetu anayebatizwa huulizwa kwanza na yule atakayembatiza, naye huuliza lolote linalomsumbua. Maman Emérence akataka waongee wawili peke yao.

"Mashi yake ni Mashi yangu," akasema, yaani lugha ya kwetu. "Tutasikilizana."

Wazee wakatazamana.

"Maman," Ignace akasema, "mutumishi hasemake bila mukalimani."

"Anamutafsiri Mashi ku luga gani?"

"Ku Mashi."



"Kutoka ku Mashi?"

"Kutoka ku Mashi," akajibu Ignace, bila kupepesa jicho.

Nilidhani ndipo tumekwisha. Lakini Maman Emérence akatikisa kichwa kwa heshima. "Ni vizuri. Hata mwami mu ufalme yake hasemake na kila mutu moja kwa moja."

Basi nikakaa katika chumba cha wazee, saa kumi mchana, meza moja, viti vitatu, nikitafsiri Mashi kwa Mashi. Muzee Ignace alisimama nyuma ya mlango, ukiwa wazi upana wa kidole. Placide alikuwa nje ya dirisha, kidevu juu ya tofali. Ninawaandikia kwa Kiswahili ili sote tuelewane.

"Muzee, nikitoka mu maji, rozari yangu niitupe?"

"Iko muzuri," Polycarpe akanong'ona. "Asitupe kitu muzuri."

"Mutumishi anasema usitupe kitu kizuri."

Wasomaji, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kumtafsiri mtu huyo kweli mbele ya mtu asiye wa baraza.

"Na bwana yangu alikufa Mukatoliki. Nitamukuta wapi?"

"Mi sijue. Alikuwa anakaa wapi?"

"Mutumishi anasema Mungu hakuyapa makaburi namba."

Akaguna. Lakini sasa alikuwa hatazami uso wangu. Alitazama midomo ya mzee. Na mimi mwenye diploma nilikuwa nimesahau jambo dogo: kanisani kuna ngazi, kuna korali, kuna watoto wanaolia. Katika chumba kile, hatua moja kutoka kwa Polycarpe tulikuwa wawili.

Maman Emérence akaweka mikono juu ya meza.

"Sasa Hana. Kisha mutoto kuzaliwa, alimupeleka ku hekalu, akamuacha kule. Mi nataka kujua alirudi ku nyumba namna gani."

Polycarpe akaniinamia. "Hana ni nani?"

"Mutumishi anasema—"

"Nyamaza," akasema Maman Emérence. Hakunigeukia. "Muzee, rudilia."

"Hana ni nani?" mzee akarudia kwa adabu, akijikaza koo. "Ni mutu wa Nyantende?"

Nje, kidevu cha Placide kikashuka kutoka kwenye tofali.

"Ile siku ya yenga, pale juu, ulikuwa unasema nini?"

"Mbuzi yangu. Iko na kikohozi." Akafikiri kidogo, dhamiri ikamsumbua. "Lakini hata mi nililia, Maman. Alisema vizuri sana."

"Nani?"

Akanionyesha kwa mdomo.

"Colombe!" Ignace akaita kutoka kwenye ufa wa mlango. "Colombe, tafsiri!"

"Uliapa ku rozari yangu," Maman Emérence akaniambia.

"Ndiyo, Maman."

"Ile maneno ilikuwa ya nani?"

"Sema ni Roho!" Ignace akanong'ona kwa nguvu. "Sema ni Roho, sisi wote tutasimama na weye!"

Na ni kweli wangesimama. Wazee saba wenye makoti, kila mmoja na mstari wake. Yeye angekwenda ziwani na furaha yake, mimi ningekwenda harusini na bwana wangu, na Roho, ambaye hakuulizwa, angebeba mzigo wote. Nikamtazama Placide. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja sindano.

"Yalikuwa yangu, Maman," nikasema. "Nahubiri. Tangu mwezi wa tatu ninahubiri kila Jumapili, na nilipoapa nilijua ninaapa uongo."

Maman Emérence akainuka. Nikawaona ng'ombe wakitoka kwa baba yangu mmoja mmoja.

Akamshika Polycarpe mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni, akampokonya Ignace kitasa, akafunga mlango puani mwake na kuzungusha ufunguo. Akaja dirishani. "Maman..." Placide akaanza. Akafunga na dirisha.

Kisha akarudi, akakaa mbele yangu, kitini pa mtumishi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Lakini jibu sijapata. Mutoto mumoja tu, wa machozi. Akamuacha kwa bengine, akashika njia peke yake. Nimekuuliza alirudi ku nyumba namna gani."

Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Nyuma yake Placide alikuwa akigonga kioo, akiita "Maman," kisha "Colombe," kisha tena "Maman," hajui aanze na nani. Ndipo nikaelewa ni mtoto gani anayeulizwa habari zake, na kwamba hao "bengine" ni mimi.

Nilijua Hana alivyopanda kwenda hekaluni. Njia ya kurudi sikuwa nimeihubiri kamwe. Hata kuisoma nilikuwa nikiisoma haraka.

"Hubiri," akasema. "Usijifiche nyuma ya mutu. Ukimaliza, nitakuambia kama kuko harusi."

Nikasimama, maana sijui kuhubiri nikiwa nimekaa.